Kamera inalinda au inafuatilia? Maswali ninayoulizwa kila siku

Kazi yangu ni kufunga kamera, hapa Mombasa na pwani hii yetu, na karibu kila nyumba nikishusha ngazi tu kwenye gari naanza kuulizwa maswali yale yale, mengine na mwenye nyumba, mengine na jirani aliyesimama mlangoni hataki hata kunisalimia. Nimeyakusanya hapa na majibu yake. Mimi si wakili, ila sheria nimekaa chini nikaisoma, manake mteja akishtakiwa na mimi ndiye niliyeielekeza ile kamera, usingizi haunijii.

## Mambo ya msingi

Ufuatiliaji wa kamera ni nini hasa? Si ni CCTV tu?

Hapana, CCTV ni kifaa kimoja tu, na vifaa vinabadilika kila mwaka. Mimi naangalia kitendo. Kiswahili chetu kimeshatutengea maneno: kuna kuona, kuna kutazama, kuna kuchungulia, na kuna kufuatilia. Ukipita ukaniona nimekaa barazani, umeniona, kesho umesahau. Ukisimama ukanikazia macho umenitazama. Ukinitazama kwa siri mimi nisijue, umenichungulia. Kufuatilia ni pale mtu au mashine inanitazama kwa makusudi, na kile ilichokiona kinaweza kutumika baadaye kujua mimi ni nani, nilipita saa ngapi, nilikuwa na nani.

Kwa hiyo nikiulizwa kama kitu fulani ni ufuatiliaji nauliza matatu: inamlenga nani, inakumbuka kwa muda gani, na inaweza kumtambua mtu. Ikiwa na yote matatu basi ni ufuatiliaji hata kama kifaa chenyewe ni kengele ya mlango au mdoli wa mtoto.

Uingereza walipotunga sheria yao mwaka 2012 walitaja CCTV na mashine za kusoma namba za magari, halafu wakaongeza mfumo mwingine wowote wa kurekodi au kutazama picha kwa ajili ya ufuatiliaji, pamoja na mifumo ya kuhifadhi, kupokea, kutuma na kuchakata hizo picha. Hapo walifanya la maana sana, kwa sababu hata lile boksi la DVR, la kuhifadhi rekodi, lililofichwa chini ya meza limeingia ndani ya tafsiri.

Kamera si zimekuwepo tangu zamani, sasa kimebadilika nini?

Zimekuwepo kweli. Mwaka 1942 Wajerumani walikuwa tayari na kamera za kutazama makombora ya V-2 yakirushwa pale Peenemünde, lakini hazikuweka chochote, mtu anakaa mbele ya skrini anatazama, kikipita kimepita. Baadaye ikaja mikanda ya video, ikawa kamera ina kumbukumbu, ila kumtafuta mtu kwenye mkanda ilibidi ukae masaa uanze mwanzo mpaka mwisho na mara nyingi mkanda ushafutwa ukarekodiwa juu yake. Mwaka 1996 kampuni ya Axis ikatoa NetEye 200, kamera ya kwanza ya kuunganishwa moja kwa moja kwenye mtandao, na kutoka hapo picha haikai tena nyumbani, inaweza kuwa Mombasa na anayeitazama yuko Muscat.

Kubwa zaidi ni la sasa. Zamani uvivu wa binadamu ndio uliokuwa unatulinda, nani atakaa masaa 300 kukutafuta wewe? Leo unaandika kwenye programu mtu mwenye shati jekundu, jana jioni, na inakuletea. Lenzi ni ile ile ila kumbukumbu imepata mtu wa kuipekua asiyechoka, na ndiyo maana tafsiri ya zamani, kamera ni jicho la askari, haitoshi tena.

Nikipiga picha mtaani na simu yangu, nimefanya ufuatiliaji?

Kwa kawaida hapana. Umepiga picha ya harusi, ya feri pale Likoni, ya mtoto anaogelea, watu wamepita nyuma, hukuwalenga. Lakini ukikaa dirishani kila siku unampiga mtu mmoja anapotoka kwenda kazini na unaweka tarehe, simu yako imekuwa kamera ya ufuatiliaji, haina haja iwe ukutani.

Sheria ya Kenya inasema nini kuhusu kamera?

Kuna Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 inayolinda faragha ya kila mtu, halafu kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Sheria hii haijengwi juu ya kamera, inaongea juu ya data binafsi, yaani habari yoyote inayomhusu mtu anayetambulika au anayeweza kutambulika. Sura yako kwenye video imo. Mimi naona hivyo ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu sheria ingetaja CCTV peke yake leo ingekuwa imeshazeeka.

Tanzania nao wana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, na wana Tume yake, kwa hiyo wewe wa Tanga au Dar usidhani hili ni la Wakenya peke yao.

## Nyumbani na kwa jirani

Kamera yangu, ukuta wangu, nani ataniambia kitu?

Ukuta ni wako, njia si yako. Matumizi ya nyumbani yameachwa nje ya sheria hizi nyingi lakini swali ni nyumbani pako panaishia wapi, na jibu zuri nimelikuta kwenye kesi moja ya Czech iliyofika mahakama ya Umoja wa Ulaya. Mwenye nyumba alikuwa anavunjiwa madirisha mara kwa mara, akafunga kamera chini ya paa, inaona mlango wake, njia ya umma, na mlango wa nyumba ya mbele. Ikarekodi, madirisha yakavunjwa tena, polisi wakawapata washukiwa kupitia ile picha. Mmoja akalalamika kwamba amerekodiwa kinyume cha sheria. Desemba 2014 mahakama ikasema kamera inayofika njia ya umma si jambo la nyumbani tupu, kwa hiyo sheria ya data inamhusu. Haikusema ang'oe, ilisema pia haki yake ya kulinda mali na familia inapimwa. Hiyo ni Ulaya, haitufungi sisi, lakini sheria yetu inafanana sana na ya kwao na kipimo chenyewe kina akili.

Kwa vitendo: elekeza kamera kwenye mlango wako na gari yako. Kama huwezi kukwepa dirisha la mwenzio, ingia kwenye settings kuna sehemu ya kufunika, unachora boksi jeusi juu ya lile dirisha na hata wewe mwenyewe hulioni tena. Kamera nyingi zinayo. Inachukua dakika 2 na wateja wengi hawajui ipo.

Jirani kafunga kamera inaangalia kwangu, nifanyeje?

Hili ndilo swali linaloniuma zaidi. Kuna nyumba moja Mji wa Kale niliitwa kurekebisha kamera, kichochoro chenyewe ukinyoosha mikono yote miwili unagusa kuta. Nikawasha skrini kuangalia picha, na kwenye kona ya juu kulia naona dari, yaani paa bapa la juu, ya nyumba ya pili, mama mmoja anaanika nguo, hana mtandio, yuko kwake kajiachia. Mteja hakuwa mtu mbaya, wallahi, alikuwa hata hajaigundua ile kona kwa miezi, yeye alitaka kuona mlango wake tu. Lakini yule mama alikuwa amerekodiwa kila asubuhi muda wote huo. Nilipanda ngazi nikaigeuza pale pale, na ile rekodi tukaifuta tukiwa wote wawili tunatazama.

Wazee wetu waliojenga nyumba za mawe za Lamu na pwani hii walilijua jambo hili kabla ya umeme. Ukivuka daka, ile baraza ya mlangoni, unaingia tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia, na njia ya kuingia ndani inapinda, mlango ukiwa wazi mpita njia anaona ukuta, haoni kiwanda, yaani ua wa ndani, wala watu. Stara ilijengwa kwa chokaa. Kamera juu ya nguzo inaruka yote hayo kwa siku moja.

Sasa ufanye nini. Anza kwa kuongea, tena kwa heshima, mwombe akuonyeshe picha kwenye skrini, mara nyingi yanaishia hapo. Akikataa mwite mzee wa mtaa au mwenye nyumba kama mmepanga. Ikishindikana unaweza kupeleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, na sheria inataka malalamiko yachunguzwe na kumalizwa ndani ya siku 90. Piga picha ya hiyo kamera ilivyoelekea, weka tarehe. Usiivunje na usiimwagie rangi, utageuka wewe mshtakiwa.

Kamera yangu inarekodi na sauti, kuna shida?

Ndiyo, na watu wengi hawajui kama maiki imewashwa. Picha inaishia pale lenzi inapofika ila sauti inazunguka ukuta. Mwaka 2021 mahakama moja ya Oxford Uingereza ilimpata na makosa mwenye kamera na kengele ya video, na kitu kilichomsumbua jaji hasa ni umbali ambao zile maiki zilikuwa zinaweza kunasa mazungumzo ya watu. Mimi nikifunga kamera ya nje maiki naizima, mteja akitaka aniambie kwa nini.

Naweza kumwekea kamera dada wa kazi?

Sebuleni na jikoni, kwa ajili ya mtoto, sawa, lakini mwambie siku ya kwanza, muonyeshe kamera ilipo. Chumba anacholala, choo, bafu, kamwe, na hapo sifungi hata unilipe mara tatu. Akiwa hajui ndiyo ile kuchungulia niliyosema juu.

Nyumba za kupangisha wageni je, kama za Nyali na Diani?

Airbnb walipiga marufuku kamera zote za ndani duniani kote kuanzia tarehe 30 Aprili 2024, hata zile ulizotangaza, hata ile ya sebuleni. Za nje ziko sawa ukimjulisha mgeni kabla hajalipa.

Wewe mgeni ukiwa na wasiwasi, zima taa zote, funga mapazia, fungua kamera ya mbele ya simu yako uzungushe chumba taratibu. Kamera nyingi zinaona usiku kwa mwanga ambao jicho halioni, na simu inauonyesha kama nukta nyeupe au zambarau. Jaribu kwanza na rimoti ya TV ujue simu yako inaweza. Haishiki kila kamera, ile isiyo na taa ya usiku haitaonekana, kwa hiyo angalia pia soketi, saa ya mezani na kifaa cha moshi kilichoelekea kitanda.

Niweke rekodi siku ngapi?

Sheria haikutaja siku, inasema usikae na data kupita inavyohitajika. Diski ya TB 1 na kamera 4 za megapikseli 2 inabeba kama wiki moja mpaka mbili kutegemea settings, halafu inajifuta yenyewe. Kwa nyumba hiyo inatosha kabisa. Kuna tukio, toa kile kipande tu, usihifadhi mwezi mzima.

## Dukani, kazini na barabarani

Nimemnasa mwizi dukani, naweza kumweka kwenye grupu la WhatsApp?

Peleka polisi. Najua inachukua muda na najua hasira ya kuibiwa, lakini video imekata, sura si safi, na mtaani kwetu mtu akiitwa mwizi hasubiriwi mahakama. Nimeona picha ya mtu wa shati la milia ikizunguka asubuhi, na jioni ikaonekana yule alikuwa amerudi kulipa. Kamera ilisema kweli, maneno yaliyoandikwa chini yake ndiyo yalikuwa uongo. Rekodi uliyoichukua kwa ulinzi ukiipeleka kwa kuaibisha umeshaibadilisha kazi yake.

Kwani kuna mtu ameshawahi kutozwa faini kwa picha tu?

Wapo. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna ilitangaza faini ya Sh1,850,000 kwa Casa Vera Lounge ya Nairobi kwa kuweka picha ya mteja mitandaoni bila ridhaa yake, na Sh4,550,000 kwa Roma School ya Uthiru kwa picha za watoto bila ruhusa ya wazazi. Hakuna CCTV hapo, ni picha za matangazo, lakini ndio ujue sura ya mtu ina bei. Kiwango cha juu cha faini ya aina hiyo ni Sh5,000,000 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliopita, ile iliyo ndogo.

Na kamera za serikali?

Baada ya shambulio la 2013 kwenye jengo la maduka la Westgate, Nairobi, serikali ilimpa Safaricom kazi ya mfumo wa mawasiliano na kamera za polisi Nairobi na Mombasa, kamera takriban 1,800, kwa karibu Sh15 bilioni. Uganda nao, baada ya afisa wa juu wa polisi Andrew Felix Kaweesi kuuawa Machi 2017, Rais Museveni aliagiza kamera na wakanunua mfumo wa Huawei wa dola milioni 126. Waliozitaka walikuwa na msiba mbele yao, mimi siwezi kuwalaumu. Ila sheria inaachia mlango kwa usalama wa taifa, na mwananchi ana haki ya kuuliza zile kamera zinafanya nini leo ambacho hazikufanya siku zilipofungwa, kwa sababu programu mpya inaingia bila mtu kupanda ngazi. Kamera ya 2014 inaweza kuanza kusoma sura kesho na wewe chini unaona nguzo ile ile.

## Teknolojia mpya na maswali magumu

Kamera inayotambua sura bado ni kamera?

Kwangu mimi hapo ndipo picha inapogeuka daftari. Mashine haikuoni wewe, inapima uso wako inautengeneza namba, halafu inalinganisha na namba zingine. Sheria yetu inazungumzia data ya kibayometriki na imetaja alama za vidole, DNA, umbo la ndewe ya sikio, retina iliyo nyuma ya jicho na sauti. Uso haukutajwa kwa jina, lakini tafsiri imeanza na sifa za mwili kwa ujumla na hiyo orodha ni mifano, kwa hiyo uso unaingia.

Na isikudanganye kwamba haikosei. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu za kukisia kama sura ni ya mwanamume au mwanamke. Kwa wanaume weupe kosa lilifika asilimia 0.8, kwa wanawake weusi lilifika 34.7. Zimeboreshwa tangu hapo, lakini fikiria programu ya namna hiyo inaletwa hapa kwetu Kisauni.

Umoja wa Ulaya kuanzia Februari 2025 wamekataza polisi kutambua sura za watu moja kwa moja hadharani, ila kwa visa vichache vizito, na wamekataza kuzoa sura kutoka intaneti au CCTV kujenga hifadhi za utambuzi. Ona walivyokwenda: hawakukataza kamera, wamekataza kitendo.

Kamera ya joto haionyeshi sura, nayo ni ufuatiliaji?

Inategemea inatoa siri gani. Marekani, jimboni Oregon, maafisa wa serikali ya shirikisho waliielekezea nyumba kifaa cha kupima joto wakiwa barabarani, wakaona ukuta mmoja una joto kuliko mingine, kumbe ndani kuna taa za kukuzia bangi. Mwaka 2001 Mahakama ya Juu kwa kura 5 dhidi ya 4 ikasema huo ni upekuzi na ulihitaji kibali cha mahakama, kwa kuwa kifaa hicho hakitumiki na watu wa kawaida na kinatoa habari za ndani ya nyumba. Hawakuona mtu hata mmoja. Sasa hicho kipimo cha "watu wa kawaida" kinanitia wasiwasi, kwa sababu leo unanunua kamera ya joto unaichomeka kwenye simu. Bora lile la pili, la ndani ya nyumba.

Droni na miwani yenye kamera?

Droni inaruka ukuta na tekani kwa pamoja, kwa hiyo yote niliyosema kwenye swali la jirani yanaihusu mara mbili, na juu yake kuna kanuni za anga za Kenya za 2020 zinazosimamiwa na KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya. Miwani ni ngumu zaidi. Kamera ya ukutani unaiona na unaweza kupita njia nyingine, mtu akikuongelesha uso kwa uso hujui kama anarekodi, kuna taa ndogo tu pembeni na ni rahisi kutoiona. Mimi nasema mtu avue anapoingia nyumba ya watu, kama anavyovua viatu.

Kamera inayoonyesha tu bila kurekodi?

Bado inamlenga mtu, kwa hiyo ni kutazama, ni nyepesi kuliko ile inayorekodi. Ila hakikisha kweli hairekodi. Nyingi zina kadi ndogo ndani au zinatuma kwenye seva za kampuni, na mwenye nyumba hajui.

Paswadi inaingiaje kwenye habari hizi?

Kwa sababu kamera yenye paswadi ya kiwandani si yako peke yako. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka kamera na DVR nyingi mno kwa paswadi zilizotoka nazo dukani, na siku moja ya Oktoba zikatumiwa kushambulia tovuti kubwa kubwa za Marekani hadi zikaanguka. Mpaka leo naingia nyumba nakuta admin na 12345. Badilisha leo, na fundi akimaliza kazi badilisha tena, hata kama fundi ni mimi.

Kamera feki, ile ganda tupu lenye taa, nayo ina makosa?

Data hamna, kwa hiyo sheria ya data haina cha kushika. Lakini yule mama wa Mji wa Kale, ukimwekea ganda lile juu ya dari yake atajifunga mtandio kuanika nguo kwake mwenyewe, na atafanya hivyo kila asubuhi. Mteja akiniomba feki namwambia naifunga kwenye geti lake, ikiangalia geti lake.